Kwa Apiyo, Aliyewakaribisha Washindani

Nyamera Apiyo, dada yangu pacha,

Jana walifungua duka la vipuri vya elektroniki hapa Kisian. Bodi, waya, chipu, vyote viko rafuni. Nilisimama mbele ya kaunta nikicheka peke yangu hadi muuzaji akaniuliza kama niko salama. Nikajua siku ya kukuandikia imefika.

Ni miaka mitatu tangu tukuzike, lakini leo nakumbuka zaidi tulivyoanza. Chumba kimoja kando ya barabara ya Busia, mlango wa bati, na sisi wawili tuliotoka chuoni juzi. Ulitaka tutengeneze kifaa cha kuwekwa ndani ya sanduku la samaki, ili mwenye mzigo apate ujumbe kwenye simu kama barafu bado ipo au imeanza kuisha. Ulikuwa umemwona Mama kule Usenge akimwaga samaki walioharibika njiani, amebana midomo asilie mbele yetu. Hukusahau.

Akili hatukukosa. Tulikosa wenzetu. Kipande kidogo kama punje ya mtama kikiungua, sharti kiagizwe Nairobi, na kikifika si chenyewe, tunasubiri upya. Programu ikigoma, hakuna jirani wa kuuliza. Mimi nikawa na wimbo mmoja: twende Nairobi, huko kila kitu kiko pamoja.

Ulikuwa ukinijibu bila kuinua kichwa. "Kwani hao wa Nairobi walizaliwa na maduka? Si walianza wawili watatu, wengine wakafuata?"

Halafu likaja jambo la Omondi. Alikuwa fundi simu wa mtaa wa Kaloleni, Kisumu, mtu mzima mwenye familia, ukamfundisha kuunda bodi mwaka mzima. Siku moja akaja, kofia mkononi, kusema anafungua karakana yake. Wapi? Chumba cha pili, ukuta mmoja na sisi. Nilidhani utamfukuza. Wewe ukachukua mashine yetu ya akiba ya kulehemu, ukampelekea atumie hadi atakapopata yake.

"Unamwazima mshindani mashine?" Nilikufokea.

"Adongo, Mama akianika omena pale ufukweni, huwa peke yake?"

"Hiyo ni omena, visamaki tu!"

"Ni mstari mzima wa wamama, wote wanauza omena. Ndiyo maana lori la mnunuzi linafika Usenge. Angekuwa mmoja, nani angemfuata?"

"Basi baki na mstari wako."

Wiki hiyohiyo nikaondoka. Ulinibebea begi hadi stendi, ukaninunulia hindi la kuchoma. Hukunilaumu hata kwa jicho.

Nairobi nilipata kazi nzuri, katika jengo lililojaa kampuni kama yetu. Mchana mmoja, kwenye kibanda cha chakula, nilikuwa nikilalamika juu ya hitilafu iliyonishinda wiki nzima. Mwanamume wa meza ya jirani, mfanyakazi wa kampuni tuliyokuwa tukigombania nayo wateja, akaweka kijiko chini na kunichorea jibu kwenye karatasi. Chai yangu ilikuwa bado moto. Nilitoka nje nikalia kwenye ngazi, maana hilo ndilo ulilokuwa ukiniambia.

Nikakupigia simu. Ulipoitika, nikauliza habari za mvua.

"Adongo, uko sawa?"

"Niko sawa. Nimekukumbuka tu."

Kiburi, dada yangu. Nilidhani tuna muda.

Ugonjwa ulikuchukua kwa wiki mbili. Nilipofika hospitali hukuweza tena kusema. Ulinishika kidole tu. Siku ya mazishi, karakana zote za Kisian zilifungwa. Zilikuwa saba tayari. Wale niliowaita washindani ndio waliobeba jeneza lako. Mbele alikuwa Bwana Jaswinder, ambaye ukoo wake umekunja mabati Kisumu tangu enzi za babu yake, na ambaye ulimshawishi aje kututengenezea masanduku. Omondi alipopewa nafasi ya kusema, alisema, "Nilipotoka kwake nilingoja anilaani. Alikuja na mashine, akaniuliza kama nimekula." Akashindwa kuendelea.

Sasa nikuambie nisichomwambia mtu. Nilikuwa nimekubali kuuza vitu vyako vyote. Lori lilikuja, tukaanza kupakia. Omondi akasimama mlangoni.

"Sikuzuii, Adongo. Lakini kuna kikundi cha wavuvi wanataka vifaa vingi sana. Hakuna karakana moja inaweza. Bodi nitafanya, masanduku atafanya Bwana Jaswinder. Ile programu, hakuna mtu mwenye anaijua isipokuwa nyinyi wawili. Angalia tu, kisha uende."

Nikafungua kompyuta yako. Katikati ya mistari ya programu ulikuwa umeandika vijimaneno kwa Dholuo, na vyote vilielekezwa kwangu. "Adongo, hapa usiguse, utalia." "Adongo, hii nimefanya vile ulitaka, ulikuwa umesema kweli." Kimoja cha mwezi mmoja tu kabla hujaugua: "Hapa sijaelewa. Nitamngoja Adongo." Miaka yote niliyokununia, wewe uliniandikia kama mtu aliyetoka kidogo kununua maziwa.

Nilimwambia dereva ashushe kila kitu.

Siku hizi mabanda yamesogea hadi karibu na njia panda. Watu wanatoka Siaya na Homa Bay na kuishia hapa. Stima bado inatuhangaisha kwa kukatika, na wapo wanaoondoka. Mwezi uliopita wawili wetu walienda Nairobi, nikawasindikiza bila kununa. Kwa mama anayetupikia mchana, sote tunakaa meza moja, na pale hitilafu nyingi hupata dawa kabla ya sahani kuondolewa. Mama yetu naye huonyesha wageni ujumbe wa kifaa chetu kwenye simu yake, anawaambia, "Huyu ni Apiyo ananiambia samaki wako salama." Hatumsahihishi.

Ulikuwa sahihi, Apiyo. Ero kamano, asante. Ingefaa nikuambie kwenye ile simu ya mvua. Najua ungenicheka wiki nzima, ungewaita hata majirani waje wasikie nikikubali. Ningekubali kukosea maisha yangu yote, mradi uwepo wa kunicheka.

Pumzika, nyamera. Hapo uliposema hujaelewa, nimepamaliza.

Pacha wako,
Adongo