Jumamosi za Mzee Ezekia Mayala

Mwaka umetimia, Baba, tangu Jumamosi ile ya Novemba ulipotutoka, hapa nyumbani Kanyenye, ukiwa kwenye kiti chako cha kamba na kitabu mapajani. Anayeandika ni mimi Adelina, mwanao wa kwanza, fundi cherehani. Samweli alitaka aandike yeye, nikamkatalia. Yeye aliandika tangazo la mwaka jana, na lile tangazo lina neno ambalo leo lazima tulisahihishe.

Wasiokufahamu wajue kwamba ulikuwa stesheni masta Igalula kwa miaka mingi. Abiria aliyeachwa na treni hakulala na njaa ukiwa zamu. Mama alikuwa akinung'unika kwamba anapika ugali wa watu watano na wanakula watu tisa, nawe unamwambia, "Mama Adelina, treni imechelewa, wao hawana kosa." Kila kilichoingia na kilichotoka ulikiandika kwenye daftari, kwa herufi kubwa, na saa yake pembeni. Ulipostaafu daftari lilibaki reli, lakini mkono haukuacha kuandika.

Ulikuwa na vitabu kumi na vinne vya upelelezi. Vya zamani, vingine havina majalada, umevifunika kwa karatasi ya mifuko ya saruji. Tulikuletea vipya, ukashukuru sana, ukavigawa kwa majirani. Kile cha maiti katika ghala la tumbaku ulikirudia hadi kurasa zikawa laini kama kitambaa cha kuoshea vyombo. Siku moja nilikuuliza, "Baba, muuaji unamjua, unarudia nini?" Ukanijibu bila kuinua kichwa: "Mara ya kwanza unasoma ili umjue muuaji. Mara ya pili unasoma ili uwajue walioona wakanyamaza." Nilicheka. Leo sicheki.

Kila Jumamosi saa kumi jioni tulikaa mezani. Mama alipanga vikombe vitano, chai ya maziwa, na matobolwa, vile viazi vitamu vya kukaushwa ambavyo meno yako hayakuviweza tena, ukavilowesha kwenye chai. Uligonga meza kwa penseli, mara tatu, kama kengele ya stesheni. Kabla ya kusoma sura, kila mtu alitaja furaha yake ya wiki. Iwe ndogo. Samweli alipojigamba kwamba ameuza mabati mengi dukani, ulimkatiza: "Hiyo ni biashara. Furaha je?" Akakuna kichwa. "Nimeiona ile kandambili yangu iliyopotea." Ukaiandika pembeni ya ukurasa, na tarehe.

Ulisema njia ya misafara ya kwenda Ujiji ilipita papa hapa. Wenye mali waliandika idadi ya pembe za ndovu, lakini hakuna aliyeandika mpagazi alifurahia nini siku ile. "Kwangu mtu hatapita hivyo," ulisema. Ndiyo maana vitabu vyako vyote kumi na vinne vimejaa furaha zetu pembezoni.

Sasa nafika kwenye tangazo. Lilisema kwamba ulifariki "akiwa amezungukwa na wanawe." Mama alikuwa Igalula, amekwenda kumuuguza mdogo wake. Aliporudi kwenye msiba alituuliza maneno yako ya mwisho. Tukatazamana. Samweli akasema, "Alisema mpendane." Mama akalia, halafu akatulia, akashika neno lile. Kaburi lilipojengewa akaagiza lichongwe juu ya jiwe: MPENDANE.

Neno lile ni la Samweli, Baba. Lako hatulijui, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo.

Mimi nilikuwa na gauni la bibi harusi la kumalizia. Samweli alisema mteja amechelewa. Kabula, kitinda mimba wako, alisema barabara ya kwake Ulyankulu ina tope. Kila mmoja alijua wenzake watakwenda. Na nisifiche, tulikuwa tumechoka. Ghala lile la tumbaku tulishaingia na kutoka mara sita. Hakuna hata aliyekupigia simu. Aliyekukuta ni Mzee Saidi, mstaafu mwenzako wa reli, alipopita kukujulia hali jua linazama. Akanipigia mimi. Aliyasikia tuliyoyatangaza, akanitazama, hakusema kitu. Anajua mambo ya familia za watu.

Mama ana presha. Tukaambiana kwamba ukweli huu utamuua, tutazika wawili ndani ya mwaka mmoja. Basi tukanyamaza, na tukaanza kuja kila Jumamosi, saa kumi kamili, bila kukosa. Bidii hiyo ungeiona ukiwa hai, ungeshangaa.

Jumamosi ya nne baada ya mazishi Kabula alifungua kile kitabu cha ghala atusomee. Akasoma mistari miwili, akakisukuma kwangu. Pembeni ya ukurasa paliandikwa: KABULA. KUKU ALIYEPOTEA KARUDI NA VIFARANGA TISA. Tarehe ilikuwa ya siku ile ile. Mkono ulikuwa wako, na ile saba yako yenye kamstari katikati. Kuku yule alirudi Jumatano, huko Ulyankulu. Kabula hakumwambia mtu. Alisema aliona aibu kufurahi ndani ya matanga.

Nilidhani ni mchezo wa Samweli. Samweli alidhani ni mimi. Tuligombana jikoni kwa sauti ya chini, Mama asisikie. Jumamosi iliyofuata tukakuta: SAMWELI. KALALA MCHANA, HAKUOTA KITU. Akakaa chini. Alikuwa hajalala bila kukuota tangu siku ya mazishi, na hilo hakulisema hata kwa mkewe.

Ya kwangu ilikuja wiki iliyofuata. ADELINA. KAIMBA AKIKATA KITAMBAA. Nilikuwa nimefunga mlango na dirisha.

Ulitufundisha upelelezi, tukautumia. Samweli alifungia kitabu kabatini kwa kufuli la dukani kwake, ufunguo akauvaa shingoni wiki nzima. Kabula akanyunyiza unga wa mahindi sakafuni, kuanzia mlangoni hadi kabatini, kama alivyofanya yule mpelelezi wako. Jumamosi saa kumi unga ulikuwa vile vile, hata mjusi hakupita. Kufuli lilikuwa zima. Tukafungua, na furaha zetu tatu zilikuwa zimeshaandikwa, wino hakuna, penseli tupu. Mama hawezi kuwa ndiye. Ana mtoto wa jicho, uzi kwenye sindano namtungia mimi. Na penseli yako, Baba, tulikuzika nayo. Nilikutilia mfukoni mwenyewe, mfuko wa kushoto wa shati.

Hatukumwita mchungaji. Hatukumwita mganga. Nitasema kweli: tuliogopa, lakini tulianza kufurahi kwa makusudi, ili tusikutwe mikono mitupu. Kabula alisimama njiani kutazama mvua. Samweli alianza kula embe zake polepole. Mwaka mzima uliandika, ukurasa hadi ukurasa, na Mama akitumiminia chai anasema, "Baba yenu anafurahi mnavyokuja." Nywele zinatusimama, tunanyanyua vikombe.

Jumamosi iliyopita Samweli alileta tangazo la mwaka huu, ameshaliandika. Mama alitaka MPENDANE iwe juu, kwa herufi nene. Akasema, "Msomeeni na baba yenu kwanza." Kabla ya tangazo nikafungua kitabu, kama kila Jumamosi. Safari hii hapakuwa na furaha. Paliandikwa ADELINA, na mbele yake patupu. SAMWELI, patupu. KABULA, patupu. Majina yalikuwa yamekandamizwa hadi karatasi imetoboka. Kisha nikasikia meza inagongwa, mara tatu. Kabula alikuwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Samweli mikono yake alikuwa ameikalia. Mama akageuza uso kuelekea kiti chako, akasema, "Haya, anawasubiri."

Mficha uchi hazai. Nikainuka, nikamwambia Mama kila kitu. Kwamba hatukuwepo. Kwamba lile neno kwenye jiwe ni la kutunga. Samweli alianza kulia kabla sijamaliza. Halafu nikawaambia wote watatu lile ambalo hata wadogo zangu walikuwa hawalijui.

Siku ile nilifika wa kwanza. Mzee Saidi alikuwa amesimama nje barazani, anaapa kwamba hakugusa kitu zaidi ya kukufumba macho. Mezani kulikuwa na vikombe vinne, ulivipanga mwenyewe. Vyote vinne vilikuwa vimenywewa hadi majani. Viti vitatu vilikuwa vimevutwa, vimekuelekea wewe, na matobolwa yamebaki chembe. Nikaviosha vikombe. Nikarudisha viti. Nikachana ukurasa uliokuwa wazi mapajani mwako, nikauficha chini ya droo ya cherehani, na humo ndimo ulimokaa mwaka mzima.

Mama hakuanguka. Alishika ukingo wa meza, akasema, "Nisomee." Nikaenda kwangu kuuchukua, nikarudi, nikamsomea ulivyoandika:

SAA 10.00. HAWAJAFIKA.
SAA 11.00. HAWAJAFIKA.
SAA 12 KASORO ROBO. ADELINA, SAMWELI, KABULA WAMEINGIA. FURAHA YANGU YA WIKI: WAMEKUJA WOTE.

Mama aliniambia nirudie. Nikarudia. Akasogeza kikombe chake kando.

"Mwaka mzima nimelala na neno la Samweli," akasema. Kisha akasema, "Kwa hiyo hakufa peke yake." Akatugeukia, mmoja mmoja, kwa yale macho yasiyoona. "Lakini hamkuwa ninyi."

Fundi alikwenda makaburini Jumatatu akalifuta lile neno. Mama hajasema liandikwe nini badala yake. Anatujibu shikamoo zetu, anatupa chakula, basi.

Nisamehe, Baba. Tusamehe. Hatujui waliokaa kwenye viti vyetu ni akina nani, wala wametokea wapi kwa sura zetu. Hatujui uliwasomea sura gani, na walikutajia furaha zipi kwa majina yetu, nawe ukazisikiliza kwa upendo ule ule. Tunajua tu kwamba ulikwenda ukiwa na furaha, na kwamba furaha ile haikutoka kwetu.

Ibada ya kumbukumbu yako itakuwa nyumbani Kanyenye, Jumamosi, saa kumi kamili jioni. Ndugu na majirani mnakaribishwa.

Unakumbukwa na mkeo Josepha, aliyekuwa safarini. Na rafiki yako Mzee Saidi, aliyekufumba macho. Na wajukuu zako wote. Siku zote za maisha yetu tutakukumbuka sisi wanao, Adelina, Samweli na Kabula, ambao hatukuja.