Mapatano Yasiyo na Shahidi

Bagamoyo, Jumatano. Joto la kunata. Shati limenigandia mgongoni, na moyo umejaa dharau, na iliyo kubwa kuliko zote ni ya kuidharau nafsi yangu.

Leo msaidizi wa Bwana Shauri, Mzungu mkuu wa wilaya, kijana wa Kiingereza aliyetoka chuoni kwao juzi tu, aliwaita watu Bomani awaeleze kwa nini amri ya kupanda mihogo lazima ifuatwe. Mimi ndiye karani na mkalimani wake. Angesema "pandeni, njaa yaja," yangekwisha. Lahaula! Akaanza kutusomesha wanachuoni wa Ulaya wa karne zilizopita. Ati hapo kale binadamu waliishi kwa kuuana, wakachoka, wakapatana: kila mtu akatoa uwezo wake, akamkabidhi mmoja awe na mamlaka kuu, asiulizwe na yeyote. Ati kumwasi huyo ni kujiasi mwenyewe.

Nikaufasiri upuuzi ule kwa sauti ya hatibu. Liwali wetu akawa anatikisa kichwa kukubali, utadhani alikuwapo siku ya mapatano.

Kisha akasimama Bi Tatu wa Kiwangwa. Mumewe yuko jela kwa kutopanda mihogo.

"Mwambie bwana," akaniambia, "hayo mapatano mume wangu aliyafanya lini, na mashahidi walikuwa nani? Hata mimi kuolewa, walikaa mashahidi wawili."

Swali moja tu, na wanachuoni wote wale wakabaki uchi.

Nami nikafasiri nini? "Anauliza mumewe atatoka lini, na anaishukuru serikali."

Bwana akatabasamu. "Mwezi ujao."

Bi Tatu hajui Kiingereza, lakini si mjinga. Akanitazama. "Mwanangu, mbona maneno yangu yamekuwa mafupi hivyo?"

Nikajifanya naandika.

Adhuhuri nilipokaa kupiga chapa kumbukumbu za baraza, vidole vikakataa. Nikaliandika swali lake lote kama alivyolisema, nikampelekea bwana. Akasoma mara mbili.

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo."

"Na mimi uliniambia nini?"

"Uongo, bwana."

Akaniamuru nirudi nyumbani ningoje barua. Habari ya mashahidi, hakuigusa. Ana mamlaka ya kuniachisha kazi kwa kuinua kidole, lakini jibu la kumpa mwanamke wa shamba hana!

Kazi imekwenda, najua. Kesho nikishasali alfajiri nashika njia ya Kiwangwa, nikamwombe Bi Tatu radhi mbele ya majirani zake.

Akinifungia mlango, nitamlaumu kwa lipi?