Bonge la Udongo wa Harthowe

Jumatano, 1 Oktoba 1460
Mume wangu Rauf kaenda London mahakamani. Kaniachia neno moja: nisitoe mguu nje ya lango. Ngome ya Harthowe ni ya anayelala ndani yake, mengine ni kelele za mawakili. Kusema rahisi! Tunaolala ndani ni mimi, bawabu Wat, na babake Rauf, mzee Hamond, ambaye kumbukumbu zimemwishia.

Piers Orrell, anayetushtaki akiidai ngome hii, kaonekana ng'ambo ya handaki, ndege wake wa kuwinda, kipanga, mkononi. Anatazama tu. Naogopa.

Ijumaa, 3 Oktoba
Baba mkwe kasimulia tena. Babu yake Piers alifuata upande ulioshindwa, akakatwa kichwa. Mfalme akampa Harthowe babake Baba — akamkatia bonge la udongo na majani yake, akalitia mkononi mwake mbele ya mashahidi. Ukishapewa udongo, husema Baba, nyumba ni yako. Hilo halimtoki. Jina langu limemtoka. Ananiita Maud, marehemu mkewe.

Jumatatu, 6 Oktoba
Piers darajani, na wenzake wawili, bila silaha. Eti kaja kumsalimu mzee, amwonyeshe ndege. Nikakataa. Baba akalia machozi. "Mgeni njoo, mwenyeji apone! Tangu lini sisi twafunga mlango?"

Huruma ikanishinda. Atoke yeye, wao wasiingie — nikajiona mjanja.

Piers akasema kipanga kachoka, hana pa kutua, mzee wangu nikatie bonge la majani. Baba akaazima kisu cha Wat, akakata kando ya lango, akampa huku anacheka. Ndege hakuwekwa juu yake. Piers alilifunga bonge kwenye kitambaa, akawauliza wenzake: mmeona? Tumeona, bwana.

Akaniinamia. "Uniachie vyumba safi, bibi."

Jumanne, 7 Oktoba
Nimemtuma mtu kwa Rauf. London mbali.

Alhamisi, 9 Oktoba
Naandika dirishani. Wamekuja. Si jeshi — mikokoteni, vitanda, masufuria. Mashahidi wale wale. Piers kainua bonge, majani yamekauka.

Nilimpigia kelele kwamba mzee hana akili zake. Akacheka: muulize mwenyewe.

Nikageuka — kiti cha Baba kitupu. Yuko chini langoni. Sauti kavu, ya zamani, sijaisikia miaka mingi. "Fungua, Wat. Udongo nilimpa kwa mkono wangu. Sisi si watu wa kuvunja neno letu."

Wat ananiita. Anauliza amtii nani —