Lami Nyeusi Chini ya Gari la Baba

Fort McMurray, Alberta
14 Septemba 1986

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama na kuku wote, isipokuwa yule jogoo aliyenidonoa. Mimi huku nadunda. Hapa machimboni naendesha lori ambalo tairi lake moja linamzidi urefu kasisi wetu akisimama juu ya meza. Jumamosi nimemshinda fundi mmoja wa Saskatchewan kula mayai ya kuchemsha. Ishirini na sita! Hapa kambini sasa naitwa Bwana Mayai.

Nije kwenye jambo lenyewe. Najua theluji inakaribia, na wewe unajiandaa kulala chini ya lile pikapu ulipulizie mafuta ya msumeno kuzuia kutu, kisha ulikimbize kwenye barabara ya vumbi ili vumbi ligande. Baba! Nimewasimulia watu huku, wamecheka mpaka wameshika mbavu. Siku hizi inapakwa lami nyeusi ya mpira. Mara moja tu, inakauka, inakuwa ngumu kama soli ya buti. Chumvi wanayomwaga barabarani kuyeyusha barafu inagonga, inarudi kwao. Mimi nimeona magari, Baba, usibishane na mimi. Hundi iko ndani ya bahasha. Mwambie fundi apake kote, asibakize hata pa kuweka kidole. Nataka nikirudi nilikute zima, maana gari lile ni langu, uliniahidi.

Mwanao asiyeshindwa,
Murdo

Cape Breton
5 Oktoba 1986

Murdo mwanangu,

Marahaba. Hatujambo, ila mimi na magoti yangu hatusemezani. Mama yako bado yuko kwenye nyumba ya wagonjwa mjini. Naenda kila siku baada ya chakula cha mchana, nampelekea chai kwenye chupa na keki ya shayiri. Jina langu limempotea. Juzi kaniita daktari, nikamwambia haya, toa ulimi. Lakini wauguzi wanasema akisikia pikapu linanguruma kilimani, husogeza kiti dirishani akasema, "Huyo, wangu kaja." Basi unaona kwa nini nalitunza.

Kuhusu lami: jirani yetu Lachie anasema hiyo ni dawa ya gari jipya. La kwetu lina miaka kumi na mbili, kutu imeshaingia kwenye mikunjo ya chasisi. Mafuta hupenya humo. Lami hufunika tu, maji ya chumvi yakabaki ndani yakila chuma. Lakini wewe ndiye uliyetembea dunia. Nimelipeleka Jumanne. Limekuwa jeusi kama kanzu ya kasisi.

Kipande chako cha zulia bado kiko ghalani, kile ulicholalia chini ya gari tukilipulizia mafuta, wewe upande wa kushoto, mimi kulia. Utakuja Krismasi?

Baba yako,
Hector wa Sandy

Fort McMurray
2 Novemba 1986

Baba,

Shikamoo, na hongera! Si nilikwambia? Mwambie Lachie aanze kujifunza kuoga ndipo ajifunze magari. Krismasi sitaweza, wameniomba nibaki, bila mimi machimbo yatafungwa. Nitakuja kiangazi. Msalimie Mama. Akiuliza Murdo ni nani, mwambie ni yule mwenye sura nzuri, atajua tu.

Mwanao,
Murdo

Cape Breton
19 Februari 1988

Murdo mwanangu,

Hujambo? Siku nyingi. Kadi yako ya Krismasi ilifika. Haikuwa na maneno, ila sahihi nimeijua.

Theluji imefika madirishani. Gari limepumzika kidogo. Lachie hunipeleka mjini Jumapili, barabara ikipitika. Usihangaike. Mama yako hajambo, wanasema mchana anakaa sana dirishani.

Baba yako,
Hector wa Sandy

Fort McMurray
3 Aprili 1988

Baba,

Shikamoo. Nimefika salama. Natumaini umelala walau kidogo tangu tumzike Mama.

Kuna jambo sikukwambia uso kwa uso. Siku ile ya mazishi, watu walipokuwa jikoni na fidla na chai, nilisema natoka kuvuta sigara. Nikalikuta pikapu nyuma ya ghala, limeinama katikati kama ng'ombe aliyevunjika mgongo. Nikachukua lile zulia, nikalala upande wangu wa kushoto. Lami bado inang'aa, Baba. Nzuri kabisa. Nikaibonyeza kwa kidole gumba, kidole kikazama chote. Ndani hamna chuma. Uji mwekundu tu.

Nilimbana Lachie. "Mkaguzi wa magari kagonga nyundo mara moja tu, Murdo, akalizuia lisitembee tena barabarani," akasema. "Ilikuwa Januari." Halafu muuguzi aliyekuja kuzika akaniambia kwamba tangu Januari, kila siku baada ya chakula cha mchana, Mama alisogeza kiti dirishani. Alikuwa akisema, "Wangu leo kachelewa."

Huku baridi ni kali hata chumvi haifanyi kazi, Baba. Wanamwaga mchanga. Ndiyo maana lami yao inadumu. Miaka yote niko huku, sikuwahi kujiuliza. Na yale mayai hayakuwa ishirini na sita. Yalikuwa tisa, na niliyatapika.

Kwa nini hukunikatalia? Niandikie, hata kama ni matusi.

Murdo wako

Cape Breton
17 Aprili 1988

Murdo mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Matusi sina.

Nilijua. Siku barua yako ilipofika nilijua lami haifai. Lakini kabla ya hapo ulikuwa hujaandika miezi kumi na moja. Mara zikaja kurasa mbili, zimejaa wewe mwenyewe, unaniamuru, unasema gari ni lako, utalirudia. Nikasema moyoni, nikimkatalia huyu atanyamaza tena. Nikachagua. Mama yako ndiye aliyengoja dirishani kwa ajili ya uchaguzi ule. Hilo ni langu, usilibebe.

Lachie ananishawishi ninunue gari la shemeji yake. Nimekataa. Baada ya chakula cha mchana sina pa kwenda.

Zulia lako uliliacha chini ya gari, limelowa. Nimelikausha, nimeliweka kando ya langu.

Niandikie. Hata uongo, andika tu. Ile barua ya mayai nilimsomea mama yako. Alicheka mpaka keki ikamdondoka, akaniuliza, "Huyo kijana ni wa nani?"

Nikamwambia, ni wetu.

Baba yako,
Hector wa Sandy