Azmol Talukdar, Mbunge wa Birika

Mwaka umezunguka, Azmol, tangu asubuhi ile ulipotoka kukagua tuta la kuzuia mafuriko kabla hujanywa chai, moyo wako ukasimama, nawe ukarudishwa nyumbani mabegani mwa wavuvi. Tuta lilihimili maji ya milimani. Mpunga ulivunwa bila wewe.

Chama chako kilipokunyima nafasi ya kugombea ubunge, ulisimama kama mgombea binafsi, ukapewa alama ya birika. Wapinzani wakacheka sokoni, "Birika lenyewe halina hata chai!" Ukawajibu, "Basi leteni majani, sukari ninayo." Tangu siku hiyo kila kibanda cha chai hapa Bilpara kilikuwa chako, na siku ya kura watu wakagonga mihuri yao juu ya picha ya birika.

Uliposhinda, wakubwa wa chama walikuja nyumbani na makopo ya rosogolla, vile vitamu vya maziwa na sukari. Walisema ukirudi kwao, tuta litajengwa kabla ya mvua. Uliwamiminia chai, kisha ukaenda sokoni kuwauliza waliokuchagua. Mdogo wako Ekhlas alikufuata akiwa amekasirika. "Kaka, mpunga wetu ulizama mwaka jana. Watu watakula msimamo wako?"

Lilikuwa swali la haki. Aliyejibu ni Bi Bashonti, yule mjane anayeuza samaki. "Wewe Ekhlas, mbunge wa chama akipiga kura kinyume na chama chake anapoteza kiti. Siku wakitaka kuwakodisha matajiri maji yetu, kaka yako atasema nini na mdomo umejaa rosogolla?"

Soko zima lilicheka, hata Ekhlas. Nawe hukujiunga na chama.

Siku hiyo ikafika, muswada wa kukodisha maji ukaletwa bungeni. Tulikuwa kibandani mbele ya televisheni. Spika aliwauliza wanaokubali, ukumbi ukanguruma. Akawauliza wanaokataa, ikasikika "Hapana" moja tu, na nyuma yake kikohozi chako cha sigara za biri. Wabunge walicheka. Sisi tulisimama.

Muswada ulipita. Uliendelea kuwasumbua wizarani mpaka bonde letu la maji likaachwa mikononi mwa wavuvi. Tuta nalo lilijengwa, baada ya miaka mingi ya kuomba na kuomba tena, na hukuwa umehamia chama chochote.

Nyumbani ulikuwa yule yule. Ulifua mwenyewe lungi yako, ile shuka ya kiunoni. Hata waziri alipokuja ulitaka mchuzi wa samaki mkavu, naye mkeo Rowshon Ara akafungua madirisha yote kwa aibu ya harufu. Waziri aliongeza wali mara mbili.

Unakumbukwa na mkeo Rowshon Ara, binti yako Nazifa, mdogo wako Ekhlas na mkewe Jobeda, wajukuu, majirani na wavuvi wote wa Bilpara. Mwenyezi Mungu akupe makao mema peponi. Maadamu tupo, jina lako litatajwa katika nyumba hii.

Uchaguzi unakaribia. Wale wakubwa walikuja tena, safari hii wakimtaka Nazifa agombee kwa jina la chama chao. Aliwashukuru kwa heshima, akakataa. Sasa anakusanya sahihi za wapiga kura, kama sheria inavyomtaka mgombea asiye na chama. Leo yuko vijiji vya ng'ambo ya bonde, na Ekhlas ndiye anayempigia kasia.