Barua ya Balozi na Masikio ya Kaka Rajabu

Jumanne. Mvua imenyesha tangu alfajiri, ndiyo kwanza imekatika, jua linazama na sketi yangu bado ina tope la barabarani. Nina hasira. Naandika kwa sababu nikifungua mdomo nitamtukana mtu ninayemwamkia shikamoo.

Nimemrudisha Kaka Rajabu kutoka kituo cha afya bila kutazamwa.

Jina la kituo siandiki, hata humu. Tulidandia lori la mkonge hadi Kilosa mjini, kisha jingine la kuelekea Mikumi, kisha tukatembea kwa miguu, Kaka ameshika kibegi chetu na hataki nimsaidie. Kaka ana miaka thelathini na kitu, mimi ni mdogo wake. Alizaliwa na macho yale ya kupanda pembeni, vidole vifupi na ulimi mzito. Sista wa misheni alimwambia mama kwamba watoto wa namna hiyo wapo duniani kote, weusi kwa weupe, wanafanana utadhani ndugu, na si uchawi wa mtu yeyote. Alimwambia pia kwamba hatafika miaka kumi. Kaka akafika, akapita, akaota ndevu. Tangu tuhamie kijiji hiki cha ujamaa ndiye anayewachotea maji watu wote wa shamba la kijiji, ndoo mbili kwa mti begani.

Alhamisi iliyopita trekta la kijiji likarudi nyuma naye yuko nyuma yake. Dereva anapiga honi, watu wanapiga kelele, Kaka anamimina maji yake taratibu. Aliokolewa na mama mmoja aliyemvuta shati. Jioni kamati ikakaa na kusema akili za Rajabu zimezidi kuharibika, ni hatari kwake na kwa wenzake. Ijumaa hii wanaamua kama apelekwe Dodoma, kwenye hospitali ya vichaa.

Dodoma! Peke yake! Mtu ambaye hali chakula mpaka ahakikishe wote tumekwishanawa.

Ushahidi wao mwingine ni kwamba siku hizi haitikii salamu. Hapo ndipo niliposhtuka. Hakuna mtu kijijini anayependa kuamkiwa kama Kaka. Watoto wakimwambia shikamoo alikuwa anasimama, anatua ndoo chini, ndipo anaitikia marahaba ndefu utadhani mkuu wa wilaya. Mtu wa hivyo haachi marahaba zake hivi hivi. Juzi nikamjaribu. Nikasimama mbele yake nikamwamkia, akaitika, "Marahaba, Zaina." Nikazunguka mgongoni kwake nikamwamkia kwa sauti ileile. Kimya, anamenya muhogo. Nikarudia mara tatu.

Kaka hana kichaa. Kaka hasikii.

Nakiri nilifurahi. Masikio yana dawa, na hata yasipopata dawa, mtu hapelekwi Dodoma kwa ajili ya masikio. Nilichotaka ni karatasi ya mganga tu, niiweke mezani siku ya Ijumaa wote waione. Sasa, kupokelewa pale kituoni unatakiwa uwe na barua ya balozi wa nyumba kumi. Balozi wetu ni Mzee Sefu, mtu mwema kabisa. Nilimweleza yote, akatikisa kichwa kwa huruma, akaiandika papo hapo, akaibandika kwa uji na kunikabidhi. Sikuifungua. Ningeanzaje kufungua barua ya mtu mzima?

Tulipofika foleni ilikuwa imezunguka nyumba. Nesi akaisoma barua, akamtazama Kaka, akatupitisha moja kwa moja ndani. Nikasema moyoni, kumbe utu bado upo. Mjinga mimi.

Mganga msaidizi ni kijana wa rika langu. Hakumgusa Kaka. Alisogeza kiti nyuma, akaacha mlango wazi, akaniuliza mimi, "Anapiga watu?" Nikasema hapigi, naomba umtazame masikio. "Anavua nguo? Anaokota uchafu?" Nikasema bwana mganga, tafadhali, ni masikio, hasikii. Akaigonga barua kwa kidole. Akasema pale hawatibu vichaa, nimpe vidonge hivi asubuhi na jioni vimtulize, Dodoma watajua la kufanya. Ndipo nikanyoosha shingo nikaisoma barua kutoka upande wangu wa meza. Mtajwa hapo juu ni mgonjwa wa akili na ni mtu wa hatari, tafadhali ahudumiwe haraka.

Wa hatari! Rajabu anayemkimbia kuku jike mwenye vifaranga!

Nilibishana mpaka sauti ikanikauka. Akanijibu kwamba kilichoandikwa na kiongozi yeye hawezi kukipinga, akaandika nyuma ya barua ileile kwamba mgonjwa apelekwe Dodoma, akanirudishia niibebe mwenyewe. Matibabu ni bure, ndiyo, tunashukuru. Leo tumepewa bure vidonge vya kumlaza usingizi mtu anayeumwa masikio.

Tuliporudi nilikwenda moja kwa moja kwa Mzee Sefu na viatu vyangu vya matope. Nilimwamkia kwanza, ningefanyaje. "Marahaba, Mwalimu! Mmewahi kurudi, eeh?" Alikuwa anacheka. "Umeona sasa? Ningeandika masikio, mngekaa foleni mpaka kesho. Kichaa hapangwi foleni, watu wanamwogopa. Nimewapunguzia taabu." Akangoja nimshukuru. Jamani! Mtu akikuharibia kwa nia mbaya unajua pa kumshika, huyu unamshika wapi?

Nilimwonyesha kilichoandikwa nyuma. Nikamwambia kamati itaidai, na hii ndiyo itakayosomwa Ijumaa. Kicheko kilimwisha, akavua kofia, akaikunja mkononi. Yuko tayari kuandika nyingine, lakini safari hii kamati itataka muhuri, muhuri uko kwa katibu, na katibu yuko Morogoro kwenye semina mpaka Jumamosi. Nikaondoka bila kuaga. Najua ni utovu wa adabu, na nitakwenda kumwomba radhi, ila si leo.

Sasa linalonichoma kuliko yote.

Nilipofika nyumbani vidonge nilivitupa chooni, nikakaa na Kaka barazani. Nikamshika mashavu anitazame mdomo, nikamuuliza jambo ambalo kutwa nzima hakuna aliyemuuliza. Kaka, unaumwa wapi? Hakusita. Akaweka kidole sikio la kushoto, kisha la kulia. Nikamuuliza tangu lini. Akafikiri sana. "Mahindi," akasema, yaani tangu mavuno. Nikamuuliza mbona hukusema, Kaka? Akanikazia macho, hakuelewa ninamtania au vipi.

"Nilikuambia."

Na kweli aliniambia. Nilikuwa nasahihisha madaftari ya darasa la nne. Akaja, akauchukua mkono wangu wenye kalamu, akauweka sikioni kwake. Nikautoa. Akauchukua tena. Nikadhani anacheza. Nikampa kipande cha muwa, nikamwambia nenda nje, nina kazi. Mtu mwenye ndevu, mkubwa wangu, nilimfukuza kwa muwa. Naye akaenda, hakunisumbua tena mpaka leo.

Nimewalaumu balozi, mganga na kamati, na siwaondolei lawama hata kidogo. Lakini leo kila swali lililoulizwa mle ndani nililijibu mimi, tena kwa kujigamba kwamba namjua kuliko wote. Haikunijia hata mara moja kumgeukia. Kaka alikuwa amekaa kwenye benchi pembeni yangu, na kama mganga angemwekea mkono begani na kumtazama usoni, angeonyeshwa mahali penyewe kwa kidole.

Kesho tunarudi. Mwalimu mwenzangu wa darasa la tatu amekubali kunishikia wanafunzi. Barua siibebi hata kama wanaidai, tutapanga foleni na watu wengine hata ikifika jioni, na wakitufukuza tutapanga tena Alhamisi. Na tukiingia, mganga akiuliza mgonjwa anaumwa nini, nitafunga mdomo wangu, nimgeuze Kaka amtazame, nimwache ajibu mwenyewe.

Sijui kama nitaweza.