Gari la Bi Morozumi

Hamamatsu, tarehe 12 Juni

Kwa dada yangu Fumiyo,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji Eikichi na wote waliomo humo ndani. Goti lako linaendeleaje? Mara ya mwisho uliniambia kwenye simu kwamba ngazi za hekaluni zinakushinda, na kwamba daktari amekupa mkanda wa kuvaa mchana ambao wewe unauvaa usiku kwa ubishi tu. Uvae kama alivyosema. Huku kwetu mvua za mwezi wa sita zimeingia, nguo hazikauki, na nyasi za kufumia mikeka ya tatami zimejaza karakana harufu ya unyevu. Wifi yako Nobue ni mzima na anakusalimu sana. Mwanetu Sayo naye yuko salama huko Sendai, amebadilisha kazi tena. Mimi mgongo unalalamika lakini unafanya kazi, kama mgongo wa fundi mikeka yeyote wa umri wangu.

Najua umeshangaa kupata barua. Sisi ni watu wa simu, na kadi za mwaka mpya huwa anaandika Nobue, kazi yangu mimi kutia jina chini. Safari hii ameniwekea karatasi na kalamu mezani baada ya chai ya asubuhi, akaniambia niandike mwenyewe, kisha akatoka kwenda kununua tofu ya supu ili asinione ninavyohangaika.

Habari ya kwanza utaicheka. Nimenunua lile gari. Unalijua. La michezo, viti viwili, paa la turubai la kukunja, taa za mbele zinazochomoza kama macho ya chura. Nilikuja na picha zake mfukoni mwaka mpya ule nilipokuwa na miaka ishirini na nne, ukaniuliza baba na mama watakaa wapi, juu ya boneti? Tangu hapo umeniuliza kila mwaka kama nimelinunua, na kila mwaka nimekupa jibu jipya. Mara kazi, mara mtoto, mara mgongo. Mwaka juzi ulisema nikingoja zaidi nitalinunua pamoja na jeneza.

Lilivyopatikana ni hivi. Mwezi wa nne niliitwa Kakegawa kubadilisha mikeka ya vyumba viwili kwa mama mmoja aitwaye Morozumi Hatsue, msusi mstaafu, miaka sabini na moja, anakaa peke yake. Mvua ikaanza kudondoka, akaniambia niingize mikeka mipya bandani isilowe. Nikafungua banda na mkeka begani, na gari likawa mbele yangu, jekundu, limefunikwa blanketi nusu. Nikasimama pale. Sijui nilisimama kwa muda gani, mpaka niliposikia sauti ya yule mama nyuma yangu, "Baba, weka mkeka chini kwanza ndipo utazame. Usije ukaniharibia vyote viwili."

Alininywesha chai akanieleza. Alilinunua likiwa jipya, enzi hizo saluni yake ikiwa na viti vitatu na wasichana wawili wa kazi. Kila Jumatatu, siku ambayo wasusi hufunga, alilipeleka pwani na kulirudisha, basi. Zaidi ya miaka thelathini. Mumewe alikuwa akilichukia, akapata amani alipogundua kwamba Jumatatu nyumba inakuwa kimya. Sasa nyonga zake zimechakaa. "Kuingia naingia," aliniambia. "Kutoka ndiyo naita jirani." Alitaka kuliuza lakini alikwisha kuwafukuza wanunuzi watatu. Wa kwanza alitaka kulifungia ekzosi ya makelele. Wa pili alizungumza na mtoto wa kiume wa huyu mama muda wote kana kwamba mama mwenyewe ni mto wa kukalia. Wa tatu aliuliza bei ya mwisho kabla ya kusema habari ya asubuhi.

Nilirudi nyumbani nikanyamaza siku tisa. Siku ya kumi Nobue alinikuta naondoa marobota ya nyasi kwenye kibanda cha upande. Alisimama mlangoni akaniuliza, "Baba Sayo, unahama, au kuna mtu anahamia?" Nikamwambia. Nilitegemea maneno. Akasema tu kwamba twende wote akamwone huyo mama, kwa sababu mtu anayeuza kitu alichokipenda anastahili kutazamwa usoni.

Basi tukaenda. Tukakaa watatu juu ya mikeka niliyoitandika mwenyewe, chai na figili za kuchachua mbele yetu, na Bi Morozumi akaanza kunihoji kama mama anayeozesha binti. Litalala wapi? Nani atalitengeneza? Nikikuta mvua njiani nitafanyaje? Nilijibu yote vizuri, nikaanza kujiona nimefaulu. Ndipo akaniuliza nimelitaka tangu lini. Nikamwambia, tangu nina miaka ishirini na nne. Akaniuliza sasa nina mingapi. Nikasema hamsini na tisa.

"Ulikuwa gerezani?" akauliza.

Nobue alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nikafungua mdomo kutoa majibu yangu ya siku zote, kazi, mtoto, mgongo. Likatoka jingine. Nitakuandikia lilivyotoka, dada, hapo chini. Nivumilie nifike kwa mwendo wangu. Nilipomaliza kusema, Nobue hakuwa anacheka tena. Bi Morozumi aliondoa jani la figili kwenye sahani yake, akasema, "Klachi yake nzito asubuhi. Usiilazimishe." Kisha akatoa funguo kwenye mfuko wa aproni akazisukuma upande wangu.

Njiani kurudi, kwenye gari letu la kazi, tulifika daraja la mto Tenryu. Hapo Nobue akaniuliza kama dada anajua. Nikasema hapana. "Miaka thelathini na mitatu," akasema. Nikasema ndiyo. Akageukia dirisha.

Gari lilikuja mwezi uliofuata, baada ya polisi kupima kibanda na kuridhika kwamba lina pa kuegeshwa. Mtaa mzima ulitoka. Muuza mchele wa jirani aliniuliza kwa sauti kama nimepata mchumba na kama mke wangu ameshamwona. Nobue akamjibu kwamba amemwona na ndiye aliyemchagua, kwa sababu huyu halali ndani. Kwa nje mambo yakawa ya furaha hivyo.

Sasa nikwambie la Jumapili iliyopita. Tulitoka asubuhi mimi na Nobue, yeye amejifunga kitambaa kichwani, tukapita Nagoya tukaelekea kaskazini. Sikumwambia tunakwenda wapi na hakuuliza. Tulifuata mto Hida na reli yake, kituo hata kituo, hadi Gero. Ilikuwa adhuhuri. Nikaegesha mbele ya stesheni, nikatazama saa iliyo juu ya mlango, nikawasha gari, nikaligeuza.

Nobue akasema, "Mbele ndiko kwa dada. Tumefika huku kote, mbona unageuza?"

Nikamwambia hatukutoa taarifa, si adabu kumvamia mtu Jumapili.

"Tangu lini unapeleka taarifa ndipo uende kwa dada yako?" Akashusha sauti, akasema, "Basi mwandikie. Wewe. Si mimi."

Dada, siku ile aliyofariki baba, sikukwama kwenye theluji.

Ulinipigia simu Jumamosi jioni, mwezi wa pili, nikiwa na miaka ishirini na sita, ukaniambia maji yameingia mapafuni na nije kesho kwa treni ya kwanza. Nikakuahidi treni ya kwanza. Lakini nilikuwa na miadi asubuhi ile, saa moja, na mtu wa Bentenjima aliyekuwa anauza gari kama hili, jeupe, limetumika mwaka mmoja. Nilikuwa nimelingoja miezi. Nikajiambia baba amelazwa mara ngapi na kutoka, nitaliona nusu saa tu, kisha nipande treni ya saa tatu. Yule bwana akanipa funguo akaingia ndani kula. Nikatoka nalo. Nilikunja paa, katika baridi ile, nikashika njia ya pwani kuelekea mashariki. Mbingu zilikuwa nyeupe kabisa, hakuna wingu. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mtu aliyerukwa na akili.

Nilifika mnara wa taa wa Omaezaki nikatazama saa. Saa nne na nusu. Nataka ulijue hili vizuri kuliko yote. Sikusahau muda. Niliuona, nikajua ni saa ambayo ningekuwa nashuka stesheni ya kwetu Takayama kwa treni ya kwanza, nikajua wewe umekaa wapi na baba amelala vipi, nikasema dakika chache tu, nikaendelea mbele.

Nilirudisha gari karibu na saa saba. Nilifika Takayama saa kumi na moja jioni. Baba alikuwa amekwisha kufa saa saba na dakika arobaini. Nilikukuta kwenye korido ya hospitali na koti lake mikononi, na kabla sijafungua mdomo ulisema, "Treni imekwama, eti? Theluji." Nami nikasema, "Ee."

Uongo wangu wote ni neno hilo moja. Mengine uliyaongeza wewe, kwa kunipenda. Baba mdogo Genzo alipouliza mbele ya watu kwenye matanga mtoto wa kiume alikuwa wapi, ulimsimamia kidete, ukasema nimekaa saa tano kwenye theluji bila hata chai. Mwaka uliofuata zikawa saa sita. Kila kumbukumbu ya baba ulikuwa unaniongezea theluji, nami nainamisha kichwa, na watu wanaona huzuni.

Tena ulinisimulia usiku wa matanga, ukidhani unanifariji. Kwamba baba alikuwa anauliza, "Kiyo kafika wapi?" na wewe ukaazima kitabu cha ratiba kwa muuguzi ukawa unamsomea. Mino-Ota, baba. Shirakawaguchi, anapanda sasa. Gero, amekaribia. Na kwamba baada ya hapo uliniacha Gero, ukamwambia kila alipouliza kwamba bado niko Gero, kwa sababu hukuwa na kituo kingine cha kunipeleka bila kunifikisha mlangoni. Ukasema alifumba macho ametulia, akijua nimekaribia. Mimi Gero nilikuwa sijaiona siku hiyo. Nilipopita baadaye jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya milima na baba hayupo.

Gari lile jeupe sikulinunua. Nilimpigia mwenyewe wiki iliyofuata nikamwambia sina haja nalo tena. Watu walidhani ni kukosa uwezo. Kilichonitesa zaidi ya uongo, dada, na hili hata Nobue nilikuwa sijamwambia mpaka siku ile kwa Bi Morozumi, ni kwamba sijapata kuwa na furaha kama asubuhi ile. Si siku ya harusi, si siku Sayo alipozaliwa. Kila nikikumbuka kifo cha baba inakuja na furaha ile, na kila nikikumbuka furaha ile anakuja baba. Nilidhani nisipolinunua nitakuwa nimelipa. Nimekaa miaka yote hii nikilipa na hakuna aliyepokea.

Sasa ninalo. Nikuambie ukweli wake: ni gari zuri, linakwenda vizuri, Nobue analipenda kuliko mimi. Ile furaha haimo. Nafikiri ilikuwa ya kijana yule, na yeye siwezi kumrudia kumkanya wala kumpongeza.

Nobue anasema huenda baba alikufa vizuri kuliko ambavyo angekufa bila treni yako ile ya maneno, na kwamba ulifanya kazi zote mbili za mtoto, yako na yangu. Sijui. Wewe ndiye uliyekuwepo. Kama unataka kuwaambia ndugu, waambie. Kama hutaki kunisikia mwaka huu, nitaelewa, na Nobue atakupigia kama kawaida, nanyi mtazungumza habari za magoti.

Lakini mwezi wa nane, siku za kuwapokea marehemu, ningependa kuja kuosha kaburi la baba pamoja nawe. Ngazi zinakushinda, nitabeba maji. Niandikie siku na saa tu, hata bila salamu. Nitafika kabla ya saa hiyo.

Mwambie shemeji Eikichi nimemtumia chai mpya ya huku, imefungwa na mkeka mdogo wa kukalia, niliufuma kwa ajili ya goti lako. Nobue amerudi na tofu, amepita hapa nyuma yangu bila kutazama karatasi. Jitunze na unyevu huu.

Mdogo wako,

Kiyotaka